Mikuki Iliyopandwa Nkese

Zama zile pembe za ndovu zilipokuwa zikisafiri kwenda pwani juu ya mabega ya watu, na kaniki na ushanga vikirudi bara kwa njia hiyo hiyo, nyanda za juu zinazokatwa na mto Lwila zilikuwa na watemi wawili waliochukiana. Kaskazini ya mto ilikuwa Ukandwe, nchi ya mtama na mizinga ya nyuki. Kusini ilikuwa Umbala, nchi ya ng'ombe na wahunzi. Mahali mto unapopinda, katika bonde lisiloota mti, zilikuwako chemchemi za chumvi za Nkese. Kwa ajili ya chumvi hiyo watu waliosema lugha moja na kutambika kwa namna moja walikuwa wakiuana tangu enzi za mababu.

Katika moja ya vita hivyo aliuawa Igulu, mtemi wa Ukandwe. Hakuacha mtoto. Wanyampara, yaani wazee wa baraza, walibishana hadi sauti zikawakauka, kisha wakaenda kumtafuta dada yake, Nyanzobe. Walimkuta shambani, jembe mkononi, akipalilia mtama. Wakapiga magoti kwenye udongo na kumwambia kwamba kiti ni chake.

"Jua limekwenda na safu hii sijaimaliza," akawajibu. "Ningojeni."

Wakamngoja. Alipofika mwisho wa safu yake ndipo akafuatana nao kwenda kuvikwa kibangwa, kile kipande cha kombe jeupe la baharini ambacho watemi wa nyanda hizo walikifunga shingoni, na ambacho mtu mwingine akikivaa aliuawa.

Nyanzobe alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti iliyosikika kutoka shamba moja hadi jingine bila yeye kujitahidi. Alitawala kama alivyolima. Alizungusha boma lake kwa magogo ya mninga, akachimba handaki nje yake, na nje ya handaki akapanda ua mnene wa minyaa. Watu walinung'unika kwa kazi ile. Hawakunung'unika tena siku walipoona moshi wa vijiji vya magharibi.

Aliyevichoma aliitwa Kapasula. Hapo awali alikuwa mpagazi, baadaye akawa mlinzi wa misafara, kisha akagundua kwamba kuuteka msafara kuna faida kuliko kuulinda. Alikusanya ruga-ruga, wapiganaji wa kuhamahama waliofunga vilemba vyekundu na kubeba magobori, zile bunduki ndefu za kushindilia baruti kwa mdomo. Alikuwa na desturi moja iliyomfanya aogopwe kuliko baruti yake. Vijana aliowateka katika kijiji kimoja aliwapa bunduki na kuwaamuru wachome kijiji cha jirani, ili wasiwe na pa kurudi. Kisha akawaambia kwamba kwao wameshahukumiwa kifo. Kwa namna hiyo jeshi lake lilizidi kukua kila lilipokwenda, na kila aliyekuwa ndani yake aliamini hana kwao tena.

Kapasula alilifikia boma la Nyanzobe mwanzoni mwa masika. Siku ya kwanza alishambulia lango, na mishale ya Ukandwe ikamrudisha. Siku ya pili alijaribu upande wa mashariki, na watu wake wakanasa katika minyaa, utomvu ukawaingia machoni. Hakujaribu mara ya tatu. Alijenga kambi kulizunguka boma, akaagiza ng'ombe wachinjwe mahali ambapo waliomo ndani wangesikia harufu ya nyama, akaketi kungoja njaa imfanyie kazi.

Njaa ilikuja. Ghala za mtama zilipungua hadi zikatoa mwangwi. Watu walikula mbegu, kisha ngozi. Na habari mbaya zaidi ikaletwa na mateka mmoja, ruga-ruga aliyenaswa handakini na mguu wake umeteguka. Aliitwa Mahona. Alikuwa kijana mwembamba, na hakutazama mtu usoni.

"Kapasula amempelekea mtemi wa Umbala mjumbe," alisema. "Amemwahidi chemchemi zote za Nkese, mradi akae kwake asiinue mkuki. Mjumbe ameondoka na pipa la baruti na majora ya merikani."

Mtemi wa Umbala alikuwa Sungwa, na Sungwa ndiye aliyemuua Igulu.

Mbele ya baraza alisimama Lyoba, amiri wa mashujaa wa Ukandwe, mtu mwenye kovu kutoka sikioni hadi kidevuni. "Tutoke tupigane tukiwa bado na nguvu ya kusimama," alisema. "Tukifa, tufe tukiwatazama."

"Na watoto watafia wapi?" Nyanzobe akauliza. "Nitakwenda kwa Sungwa."

Baraza lote likaguna. Mzee mmoja akasema kwamba kazi hiyo ni ya mjumbe.

"Mjumbe, Sungwa atampokea akiwa ameketi, kisha atamrudisha. Mimi itambidi asimame, na akisimama nitakuwa nimekwisha kuanza kusema. Lyoba, boma ni lako mpaka nirudi. Nitakwenda na huyu." Akamwonyesha Mahona.

"Huyu!" Lyoba akafoka. "Juzi alikuwa akitupiga risasi!"

"Na leo ndiye anayejua walinzi wao wamekaa wapi." Akamgeukia mateka. "Wewe ni wa kijiji gani?"

"Mpeta," Mahona akajibu, akiangalia miguu yake. "Mtemi, mimi nimeichoma Kasesa. Unapaswa kulijua hilo kabla hujatembea nyuma yangu."

"Nani aliyekuwa amekushikia bunduki kisogoni?"

Kwa mara ya kwanza Mahona aliinua macho.

Waliondoka asubuhi, ukungu ukiwa mzito juu ya nyanda hata mtu asiuone mkono wake, kupitia upenyo wa ua ambako wanawake walikuwa wakimwaga majivu. Nyanzobe alivaa kaniki kuukuu, kibangwa amekifunga kiunoni chini ya nguo. Walipita mbali na moto wa kwanza, na wa pili. Kwenye wa tatu, ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na wanaume waliokuwa wakisonga uji wakawaona.

"Mahona!" mmoja akaita. "Tulisema umekufa! Umetoka na nani?"

Mahona hakusita. Aliuvuta ukamba aliokuwa ameufunga kiunoni, akauzungusha shingoni mwa Nyanzobe na kuukaza. "Nimempata akichimba mizizi," akasema. "Nampeleka kambini. Huyu ana mabega ya kubeba pembe."

Wakacheka, wakampisha. Na ikawa kwamba mtemi wa Ukandwe alipita katikati ya kambi ya adui yake akivutwa kama mbuzi. Alitembea ameinamisha kichwa, lakini macho yake yalikuwa yakizunguka. Alitazamia kuona wageni kutoka nchi za mbali. Aliwaona watu aliowajua. Kulikuwa na mwana wa mfinyanzi wa Kasesa. Kulikuwa na ndugu wawili wa Igombe ambao aliwahi kuwagawia asali kwenye sherehe ya mavuno. Mmoja wao alimtambua. Kijana yule alifungua kinywa, akakifunga, kisha akageuka na kuanza kusafisha bunduki iliyokuwa safi tayari.

Walipoingia msituni na sauti za kambi zikapotea, Mahona akasimama kumfungua ukamba. Alishindwa kulifungua fundo alilolifunga mwenyewe.

"Nisamehe, Mtemi. Nisamehe. Nimekukaza koo."

"Ulifanya vizuri kukaza," alisema Nyanzobe, akijifungua mwenyewe. "Ungelegeza, wangetambua kwamba tuko pamoja." Akalisugua koo lake, akakohoa. "Mahona, ni wangapi pale wanaotoka katika vijiji vyetu?"

Mahona alifikiri. "Ungeniuliza wangapi hawatoki, ningekujibu upesi zaidi."

Njia iliyobaki Nyanzobe aliitembea akiwaza juu ya vijana wale. Mto Lwila ulikuwa umefurika. Mahona hakujua kuogelea, kwa hiyo walishikilia gogo moja, na mkondo ukawabeba mbali sana chini ya kivuko kabla haujawatupa ukingo wa kusini, wamejaa matope na michubuko. Ndivyo walivyofika kwenye lango la Umbala, na walinzi walitaka kuwafukuza kama ombaomba. Nyanzobe akafungua fundo la nguo yake, akakivaa kibangwa shingoni juu ya matope yale.

"Mwambieni Sungwa kwamba Ukandwe imekuja, na ina kiu."

Sungwa alikuwa mtu mfupi mpana, mwenye mikono ya mhunzi, kwa kuwa watemi wa Umbala walifundishwa kufua chuma kabla ya kufundishwa kutawala. Alikuwa ameketi juu ya ngozi ya chui. Kuliani kwake alikaa mwanamume aliyevaa joho lenye tarizi, na mbele ya mwanamume huyo lilikuwako pipa dogo la baruti. Nyanzobe hakuhitaji kuambiwa kwamba ndiye mjumbe wa Kapasula. Aliitwa Msengi.

Sungwa alisimama. Pengine hakukusudia. Alimtazama mwanamke yule tangu miguuni hadi utosini, kisha akaamuru aletewe maji. Nyanzobe akanywa kibuyu kizima mbele ya baraza, bila haraka.

"Nilimuua ndugu yako," Sungwa akasema. "Kwa mkuki wangu, si kwa amri yangu. Ni vizuri tusianze kwa kusahau."

"Sijasahau. Nilimwosha mimi."

"Basi umefuata nini?"

"Mashujaa wako. Boma langu haliwezi kungoja mwezi mwingine uandame. Likianguka, Kapasula atachukua vijana wangu, atawapa bunduki, na watavuka mto huu kuja kuchoma nyumba zako. Hawatakuwa wageni. Watakuwa wanajua vivuko vyote."

Msengi akatabasamu. "Kapasula ametoa neno lake. Nkese itakuwa ya Umbala."

"Kasesa nayo aliipa neno lake," alisema Mahona kutoka nyuma. Sauti yake ilikwaruza. "Nilikuwepo."

Baraza likachafuka. Sungwa akainua mkono wakatulia. "Hata nikikubali," alisema polepole, "nitatoa damu ya Umbala kuikomboa Ukandwe, kisha mwakani tutakutana tena Nkese tukiuana. Nitakuwa nimenunua nini? Nivulie kibangwa chako, Nyanzobe. Nchi yako iwe yangu, nami nitailinda kama yangu."

Wazee wa Umbala wakapiga makofi. Nyanzobe alishika uzi shingoni mwake. Baadaye alimwambia Lyoba kwamba mikono yake ilikuwa mizito saa ile kuliko siku alipomwosha kaka yake. Alikivua, akakiweka juu ya mkeka kati yao wawili.

"Na wewe vua chako," akasema.

Wazee wa Umbala wakaguna.

"Sikukupa wewe. Nimekiweka chini. Weka na chako, vitiwe katika kikapu kimoja. Tupigane bila mtemi wa kaskazini wala wa kusini, wewe ukiwa amiri wa vita, mimi nikifuata amri yako. Tukishinda, twende Nkese, na kila shujaa wa pande zote apande mkuki wake nyuma ya mtu anayemtaka. Atakayechaguliwa atatawala kote. Nawe una watu wengi kuliko mimi, Sungwa. Sijui unaogopa nini."

Sungwa alikuwa bado anamtazama Nyanzobe, Msengi alipoinuka na kukung'uta joho lake. Mjumbe alikuwa amechoka na mazungumzo haya.

"Mtemi Sungwa, mambo yamekuwa mepesi," alisema. "Mwanamke huyu ndiye Kapasula anayemtaka. Lazima umkabidhi kwangu, leo hii, na watu wangu watamfunga."

"Lazima?" Sungwa akauliza kwa upole.

"Lazima. Ukikataa, Kapasula atakuja kuuliza sababu."

Sungwa alilitazama pipa la baruti, kisha kibuyu kitupu miguuni mwa mgeni wake. "Baba yangu aliniambia kwamba siku moja mtu ataniamuru ndani ya nyumba yangu," alisema, "na siku hiyo nitajua mimi ni mtemi au mlinda lango. Mwanamke huyu ni adui yangu, Msengi, lakini amekunywa maji yangu." Akapeleka vidole nyuma ya shingo yake, akafungua uzi, na kibangwa cha Umbala kikalala mkekani kando ya kile cha Ukandwe. "Mrudisheni huyu kwa bwana wake. Pipa mliache. Ni faini ya kutusumbua; nyumba yangu haina deni naye."

Mashujaa wa Umbala walivuka Lwila maji yalipopungua. Walikuwa na mikuki mipana na ngao za ngozi ya nyati, lakini bunduki hawakuwa nazo za kutosha hata kulitumia lile pipa. Wakapanda kilima kilicholitazama boma la Ukandwe kwa nyuma na kujificha katika miombo. Hapo Sungwa akawaamuru waketi.

"Tunangoja nini?" mashujaa wakauliza.

"Mvua. Nimefanya kazi na moto maisha yangu yote. Baruti ikilowa ni mchanga tu."

Mbingu ilikaa safi. Kutoka kilimani Nyanzobe aliliona boma lake. Aliona moshi wa majiko ukipungua kila jua lilipochomoza, na aliona watu wakichimba mahali ambapo hawakuwa na sababu ya kuchimba, isipokuwa ya kuzika. Wachache wa Ukandwe, waliotoroka vijiji vilivyochomwa na kumfikia huko, walimzunguka, wakamsihi atoe amri washuke.

"Sina amri," aliwaambia. "Nimeiweka katika kikapu." Kisha akaenda kuketi mbali nao, akang'oa majani mpaka ardhi iliyomzunguka ikawa tupu.

Mawingu yalikuja mchana mmoja kutoka kusini, meusi kama chungu. Tone la kwanza lilipomgusa Sungwa kwenye kipaji, hakusema neno. Aliinuka tu, na kilima chote kikainuka pamoja naye.

Walishuka na mvua. Ruga-ruga walipogeuka kupiga, bunduki nyingi zilitoa sauti ya chuma na kunyamaza. Mikuki ya Umbala iliwapata wakishindilia uji mweusi badala ya baruti. Vibanda vilianguka, ng'ombe wakakata kamba, na mstari wa kwanza wa kambi ukavunjika kabla radi ya pili haijapiga.

Lakini Kapasula hakuwa mjinga. Katikati ya kambi alikuwa amejenga banda refu lenye paa la ngozi, na chini yake alikuwa ameweka baruti kavu na kundi kubwa la vijana wake, nyuma yao wakisimama wasimamizi wenye mapanga. Bunduki za bandani zilipofyatuliwa, safu ya mbele ya Umbala ilianguka kama majani mbele ya mundu. Risasi ilimpata Sungwa pajani, akaanguka kwa goti. Mashujaa walipomwona chini, wakasita. Wengine walianza kurudi nyuma.

Nyanzobe aliitupa ngao yake. Alitembea kuelekea banda lile, mvua ikimwagika usoni, na sauti yake, ile ya shamba hadi shamba, ikapita juu ya kelele zote.

"Watu wa Kasesa! Watu wa Igombe! Watu wa Mpeta! Ni mimi Nyanzobe! Mmeambiwa kwamba nimewahukumu kifo. Mimi sijamhukumu yeyote! Kwenu ni kwenu bado!"

Bunduki zilimwelekea. Mahona akampita mbio, akichechemea, kifua wazi, mikono juu. "Nitazameni! Mimi ni Mahona! Nilinaswa handakini kwao, na niko hai! Waliniuguza mguu wakiwa wenyewe wanakula ngozi!"

Msimamizi mmoja akapaza sauti apigwe. Kijana aliyekuwa mbele, yule ndugu wa Igombe aliyeisafisha bunduki safi, aliinua bunduki yake, akageuka, akampiga msimamizi. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kueleza mambo yalikwendaje. Banda lilijigeukia lenyewe. Lango la boma likafunguka, na Lyoba akatoka na watu waliokonda kama mikuki yao. Jua lilipotokea tena nyuma ya mvua, vilemba vyekundu vilikuwa vimetapakaa matopeni. Kapasula alikimbilia magharibi na wachache. Wapo waliosema alikufa katika vinamasi vya huko, wapo waliosema alirudi kubeba mizigo. Hakuna aliyeleta kichwa chake, na nyanda zile hazikumwona tena.

Walikutana Nkese mtama mpya ulipokuwa umekomaa. Bonde lilijaa watu. Sungwa aliketi juu ya kigoda, mguu umenyooshwa mbele, kwa kuwa paja lake halikukubali tena kukunjwa. Nyanzobe alisimama mbali kidogo. Kati yao kilikuwako kikapu chenye vibangwa viwili.

Mashujaa walianza kupita mmoja mmoja wakipanda mikuki. Njaa na mazishi vilikuwa vimeipunguza Ukandwe, hata hivyo wapo wa Umbala waliokuwa wameiona siku ile ya mvua, na baadhi yao walipanda nyuma ya Nyanzobe. Misitu miwili ya mikuki ilikua sambamba, na watu wakaanza kuona kwamba ushindi hauko wazi kama walivyodhani. Kisha kila mtu akawatazama wale ambao hawakuwa wamepanda. Ni wale vijana wa banda, kundi kubwa, waliokaa chini kando ya chemchemi wakiwa hawana silaha. Wangepewa mikuki, kila mtu alijua wangeipanda wapi.

Lyoba akamsogelea Nyanzobe. "Sema neno moja tu," alinong'ona. "Waite. Kiti ni chako."

Nao wazee wa Umbala walikuwa wameyaona hayo hayo. Mmoja wao akapiga kelele: "Mateka hawana mkuki! Hao ni ngawira ya vita, wagawanywe kama ng'ombe!" Wa Ukandwe wakamjibu kwa matusi. Mikuki mingine ikaanza kung'olewa ardhini, nayo haikung'olewa ili ihamishwe. Mahona na wenzake walisogeleana, wakawa kitu kimoja, kama wanyama wanaosikia fisi.

Nyanzobe alimtazama Sungwa. Uso wake ulikuwa umechoka, na Nyanzobe akaelewa kwamba yeye naye angeweza kusema neno la kuanzisha vita, naye analizuia.

"Sungwa!" akaita, na bonde likanyamaza. "Nikiwapa hawa mikuki nitakushinda, na kabla ya jua kuzama tutakuwa tumeuana hapa hapa walipouana baba zetu. Nisipowapa utanishinda wewe, na wazee wako watawagawana. Sitaki moja wala jingine. Nisikilize. Hawa wawe watu wa nchi, si mateka wa mtu, wala watoto wao wasiitwe hivyo. Wapewe bonde hili walijenge. Chumvi ya Nkese isiwe ya mtemi yeyote, achemshe kila ajaye na kuni zake. Liapie hilo mbele ya watu wote, nami najua pa kupanda mkuki wangu."

Mzee yule akafungua kinywa. Sungwa akampiga jicho, akakifunga. Kisha Sungwa akashika fimbo mbili na kujiinua kutoka kigodani, jambo lililomchukua muda na kumtoa jasho, akasimama.

"Naapa," alisema. "Kwa baba yangu na kwa chuma. Atakayemwita mmoja wa hawa mateka atakuwa ameniita mimi."

Nyanzobe akachukua mkuki wake. Alilivuka lile eneo tupu, akazunguka nyuma ya kigoda cha mtu aliyemuua kaka yake, akaukita ardhini kwa nguvu mpaka mpini ukatetemeka.

Watu wake walilia. Wengine walimfuata. Wengine walisema hadharani kwamba amewauza. Lyoba aliutupa mkuki wake chini, akaenda zake bila kumtazama, na hakuja Nkese mpaka alipotaka kumwoza binti yake kwa kijana wa huko. Siku hiyo alifika na mitungi ya pombe kana kwamba hakuna lililotokea, naye Nyanzobe akampokea hivyo hivyo.

"Na wewe utakaa wapi?" Sungwa alimwuliza siku ile, baada ya kuvikwa vibangwa vyote viwili.

"Hapa. Hawa wamefundishwa kuchoma tu. Nani atawaonyesha pa kupanda?"

Nchi ile moja ilisimama. Walikuja wengine wenye bunduki bora kuliko za Kapasula, na waliikuta imara kutoka msitu wa kaskazini hadi malisho ya kusini. Mara nyingi waliotangulia kuwapokea walikuwa watu wa Nkese, kwa sababu walijua jinsi vita vya namna hiyo vinavyoanza, na hawakutaka kijana mwingine afanyiwe walivyofanyiwa. Mahona alikuwa amiri wao hadi alipozeeka. Alijenga upya Kasesa kwa mikono yake kabla ya kujijengea nyumba.

Waimbaji wa ikulu walianza hesabu ya watemi kwa jina la Sungwa, Mwenye Vibangwa Viwili, Mshusha Mvua, na wakaendelea kufanya hivyo kizazi baada ya kizazi. Nyanzobe katika nyimbo zao ni mwanamke aliyefika langoni na habari, basi. Hakuwahi kulalamika, wala haieleweki kama aliwahi kuzisikiliza.

Jambo moja wale waimbaji hawakuliimba, kwa kuwa hawakuruhusiwa kuliona. Kila mwaka baada ya mavuno Sungwa alikwenda Nkese. Alikwenda na mashujaa, na wazee, na wapiga ngoma, na wote aliwaacha kwenye lango la kijiji. Aliingia peke yake akichechemea kwa fimbo zake, mpaka uani kwa Nyanzobe, ambako moshi wa vyungu vya chumvi haukukatika. Walizungumza nini, hakuna ajuaye. Lakini wanawake waliokuwa wakichochea kuni walikuwa na macho, na waliyoyaona waliwasimulia binti zao: kwamba uani pale palikuwa na kigoda kimoja tu, kwamba mtemi wa nchi nzima aliketi chini na mguu wake mgumu umenyooshwa, na kwamba aliyekaa kwenye kigoda alikuwa Nyanzobe.